Wito wa Tatu

Watu wa programu huria wakialikwa kwenye mkutano mkubwa wa kampuni huwa kama jamaa maskini kwenye harusi ya tajiri: hawakosi kuitwa, maana kuwaacha ni aibu, lakini huketishwa karibu na jiko. Mwaka huo, Kathmandu, jiko lilikuwa jiko kweli. Ukumbi waliopewa ulikuwa chini ya ardhi, kwenye tumbo la hoteli, ukipakana ukuta mmoja na vyumba vya kupikia, na harufu ya vitunguu saumu ilipenya mlangoni tangu asubuhi. Juu, kwenye ukumbi wa vioo, wangeketi wenye kampuni na wageni wao. Chini, siku hiyo hiyo, wangeketi wale wanaotengeneza programu baada ya kazi zao za mchana na kuzigawa bure, kila mtu akiruhusiwa kuzifungua, kuzisoma na kuzirekebisha.

Saurya Maharjan aliupokea ukumbi ule kwa mikono miwili. Alikuwa kijana wa vichochoro vya Patan, kichwa moto, mwepesi wa tungo, mwenye kuamini kwamba neno likikaa sawa kwenye mizani limekuwa kweli. Ndiye aliyewaandikia wenye kampuni, akawabembeleza, akawasuta, mpaka wakampa siku moja na viti. Na alikuwa na sababu moja tu, sababu yenye jina: Homnath.

Homnath Bhattarai alikuwa mwalimu wa hesabu huko Panchthar, kwenye vilima vya mashariki. Ndiye aliyeitengeneza Suga, kasuku kwa lugha yao, programu inayosoma maandishi ya Kinepali kwa sauti ili asiyeona asikie. Saurya alipokuwa bado mwanafunzi alimtumia rekebisho lake la kwanza, bovu toka mwanzo hadi mwisho. Homnath alimrudishia barua ndefu, kosa baada ya kosa, bila neno moja la kejeli, na chini kabisa ameandika: "Rudi tena, mdogo wangu." Saurya alirudi. Alirudi miaka na miaka. Kila alichokijua kwenye kazi hii alikipata kwa mtu yule, na hawakuwahi kuonana uso kwa uso.

Sasa alitaka kumkalisha mbele ya watu. Alitaka wale wa ukumbi wa vioo washuke ngazi, wasimame penye harufu ya vitunguu, wamsikilize mwalimu wa Panchthar. Alimwomba, na Homnath akajibu kwa maneno mawili: "Nitakuja. Nimeahidi."

Kisha akanyamaza.

"Bado?" aliuliza Menuka.

"Bado," alisema Saurya.

Walikuwa kwenye kibanda cha chai nyuma ya hekalu, watatu, ndiyo kamati nzima ya mkutano. Menuka alifanya kazi benki, alikuwa mkubwa wao kwa umri, na ndiye aliyekumbuka mambo ambayo wanaume husahau: viti, maji, mahali pa kupita kiti cha magurudumu. Wa tatu alikuwa Nischal, kijana hodari mwenye kidole kwenye kila programu, ambaye alikuwa ameitengenezea Suga sauti mpya ya msichana, laini kama siagi ya nyati.

"Labda mlimani kwao hakuna mtandao," Menuka alisema.

"Mtandao upo," Nischal alisema huku akimenya karanga. "Shangazi yangu yuko Phidim, huko huko Panchthar, kila asubuhi ananitumia picha za mbuzi wake. Yaani mbuzi wapate mtandao, mwalimu akose?"

Walicheka, hata Saurya, ingawa kicheko chake kilikatika njiani. Siku ile ile Bi. Richa wa kampuni alikuwa amempigia. Bi. Richa hakuwa mtu mbaya. Alisema ratiba inakwenda kuchapwa, na kwamba wageni wa juu wanafikiria kuiweka Suga kwenye simu za watu wengi, ila wameuliza swali moja: mlinzi wake, yule anayeitunza, yuko wapi? Programu isiyo na mlinzi anayeitika, alisema, ni nyumba ambayo ukibisha hodi unajibiwa na panya.

"Mpigie simu," Menuka alisema. "Namba ya nyumbani kwake imebandikwa kwenye ukurasa wa shule yao. Nimeiona."

"Simpigii."

"Kwa nini? Itakuvunja kidole?"

"Dada, sisi si ofisi ya kata, mambo ya kunong'onezana simuni. Kwetu jambo lisilosemwa barazani halijasemwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha hivyo."

Hapo Saurya alisema kweli. Baraza lilikuwa kundi lao la barua: mmoja akiandika, wote wanasoma, na barua ikishaingia haifutiki, maana nakala yake hukaa kwenye kompyuta za watu kutoka Pokhara hadi ughaibuni. Kila uamuzi ulipita hapo. Hilo lilikuwa fahari yao. Na miaka ya nyuma, programu moja nzuri ilipokufa kwa sababu mlinzi wake alikwenda Ghuba kutafuta kazi akaondoka na funguo, yaani nywila za kuirekebishia, Homnath ndiye aliyeandika kanuni: kazi ni ya watu, si ya mtu, mlinzi akinyamaza na aitwe mara tatu hadharani, na asipoitika wito wa tatu, funguo apewe mwingine.

"Basi mwite," Menuka alisema. "Lakini mimi naona mtu hunyamaza kwa sababu."

Saurya aliandika wito wa kwanza, wenye adabu zote. Kimya. Akangoja siku ambazo kanuni inadai, akaandika wa pili, mfupi zaidi. Kimya. Alikuwa anaamka na simu mkononi, anafungua Baraza kabla ya kupiga mswaki, anaona majibu ya watu wengine wote isipokuwa yule mmoja. Ikaanza kumwuma mahali asipopajua jina. Mtu anayekupenda akinyamaza, moyo wenye kiburi hautafuti balaa lililompata. Hutafuta kosa lake.

"Amekudharau, kaka," Nischal alisema, siku ya wito wa tatu, kibandani pale pale. "Sisemi kwa ubaya. Umemjengea ukumbi mzima, naye anakaa kimya kama mungu wa jiwe. Na ile sauti ya kiume aliyoiweka kwenye Suga, tuseme ukweli, inakohoa. Watu wanaiita Mzee. Wageni wa juu wakiisikia watadhani tumewaletea mgonjwa."

Saurya alivuta laptopu, akaandika wito wa tatu. Mwanzo wake ulikuwa wa kawaida: mlinzi ameitwa mara mbili, hakuitika, na leo anaitwa mara ya mwisho. Kisha hasira ikampanda, na hasira yake siku zote ilipanda na mizani yake. Chini ya barua aliweka mistari miwili:

*Mlinzi na ndoto zake, mlango tumfungie,*
*Na kile kizee chake, majivuni kitulie.*

Nischal aliisoma akapiga meza kwa kiganja. "Ewaa! Hii itaimbwa!"

Menuka aliisoma mara moja, akasogeza kikombe chake. "Hayo ya majivu ungeyatoa."

"Ni sauti ya programu, dada, si mtu."

"Hata hivyo."

"Ukiyatoa mizani inaanguka."

"Acha ianguke! Nani alikufa kwa mizani kuanguka?"

Lakini Saurya alikuwa ameshabonyeza. Kabla chai haijapoa vicheko vilimiminika barazani kutoka kila pembe. Mmoja akaongeza picha ya kasuku amevaa miwani ya babu. Siku za kanuni zikapita. Homnath hakuitika. Funguo za Suga akapewa Nischal, na kwenye ratiba, mahali palipokuwa na jina la mwalimu wa Panchthar, pakaandikwa jina lake. Saurya alituma ratiba kwa Bi. Richa, akajiambia kwamba haki imetendeka. Na haki ilikuwa imetendeka. Hapo ndipo penye uchungu wa hadithi hii.

Siku ya mkutano ukumbi wa chini ulijaa hadi ngazini. Walikuja wanafunzi wa vyuo, walikuja wale wanaofahamiana kwa majina ya utani peke yake, wakashikana mikono wakicheka kwa aibu: "Ndiyo wewe? Nilidhani una ndevu!" Walikuja wasioona, wengi, wakiongozana begani, kwa sababu Suga ilikuwa yao kuliko ilivyokuwa ya mtu yeyote. Nischal alisimama mbele na maiki. Saurya alisimama kando ya ukuta wa jiko, mikono kifuani, akihesabu wageni wa juu walioanza kuchungulia mlangoni.

Alikuwa bado anawahesabu wale, alipoingia mtu mwingine.

Alikuwa mfupi, mwenye mgongo ulioinama kidogo. Alivaa nyeupe tupu, toka kofia hadi viatu, na viatu vyenyewe ni vya turubai, bila ngozi. Alipovua kofia kichwa kilionekana kimenyolewa, kikaachwa kishungi kidogo utosini. Katika nchi ile hakuna anayehitaji kuambiwa. Hivyo ndivyo anavyoonekana mwana aliyewasha moto wa kuuchoma mwili wa mzazi wake siku chache zilizopita. Waliokaa karibu na mlango walisimama, mmoja mmoja. Sauti ya Nischal mbele ikapungua, ikakoma.

Menuka alimwendea, viganja vimeunganishwa kifuani. "Pole sana, kaka. Ni nani?"

"Baba."

"Umetoka wapi?"

"Panchthar," yule mtu alisema. "Mimi ni Homnath. Samahani kwa kuchelewa."

Hakuisema kwa nguvu, lakini ukumbi ulikuwa umenyamaza, na neno lilifika ukutani kwa Saurya likamkuta pale pale. Alitaka kwenda, akabaki ukutani. Kwa miaka yote alikuwa amemwaza mtu mrefu.

"Endelea, mdogo wangu, endelea," Homnath alimwambia Nischal kwa upole, kama mwalimu aliyeingia darasa la mwenzake. Akapewa kiti, akakikataa, akaketi sakafuni kwenye zulia, nyuma kabisa.

Nischal aliendelea, maskini, maana angefanyaje. Aliionyesha Suga mpya. Sauti ya msichana ikasoma habari za mvua, ikasoma bei ya mchele, ikasoma ukurasa wa kitabu cha shule, haraka, safi, bila kukwaa. Wageni wa juu mlangoni walitikisa vichwa kwa kuridhika. Ndipo msichana mmoja asiyeona, wa mstari wa mbele, alipoinua mkono.

"Inasoma vizuri," alisema. "Ila naomba kuuliza. Mzee mmempeleka wapi?"

"Mzee gani?" Nischal aliuliza, ingawa alijua.

"Mzee wetu. Mimi nimesoma naye toka darasa la nne. Mtihani wa mwisho nimesoma naye."

"Mzee amestaafu," Nischal alisema, na watu wawili watatu wakacheka.

"Bila kutuaga?" msichana alisema, akaketi.

Saurya aligeuka kumtazama Homnath. Mwalimu alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe, mapajani. Wengine walipopiga makofi mwishoni, naye alipiga. Kisha akainuka polepole, akavaa kofia, akatoka.

Saurya alimkuta kwenye ngazi.

"Kaka Homnath."

"Saurya." Homnath aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu kwa njia na kwa mengine. "Nilijua ni wewe. Unatembea kama unavyoandika, unakanyaga kwa nguvu."

"Sikujua, kaka. Naapa sikujua."

"Ungejuaje? Mwana akiwa kwenye msiba hagusi kitu, hagusi mtu. Nilikuwa kwenye kona ya ua, nalala kwenye majani makavu, najipikia wali usio na chumvi. Siku kumi na tatu. Simu ilikuwa kwa mke wangu. Angepokea. Yule anapokea simu za watu wote, hata za waliokosea namba. Anawaambia, pole ndugu yangu, si hapa."

Saurya aliinamisha kichwa. Chini yao mpishi alikuwa anapiga sufuria na kumfokea mtu kuhusu chumvi.

"Barua zenu nilizisoma Itahari, basi liliposimama watu wapate chakula," Homnath alisema. "Zote tatu kwa mpigo."

"Na bado ukaja?"

"Nilikuwa nimeahidi. Kurudi kulikuwa mbali kama kuja."

"Tutakurudishia funguo. Leo hii, kaka, mbele ya watu wote."

"Kwa kanuni ipi?" Ilikuwa sauti ile ile ya barua zake, ya mtu anayeonyesha kosa bila kukejeli. "Kanuni niliandika mimi. Mmeifuata herufi kwa herufi, hata mimi nisingeifuata vizuri hivyo. Nischal anafaa. Ila mwambie zile herufi za puani anazivuta mno, wasikilizaji watachoka. Ni rahisi kurekebisha."

"Usizungumze habari za herufi!" Saurya alisema. "Nitukane! Nipige kofi!"

"Mzee ni baba yangu," Homnath alisema.

Saurya alishika chuma cha ngazi.

"Ile sauti. Nilimrekodi jikoni kwetu. Bati letu halina dari, mvua ikianza tunazima, tunangoja ikome, tunaanza tena. Masika mawili. Alikuwa anakohoa, ndiyo. Nilisafisha nilivyoweza. Nilitaka kuandika jina lake kwenye programu, akakataa. Akasema, kasuku ana jina la ukoo?" Alitabasamu, tabasamu likamshinda. "Alifurahi sana kusikia kwamba watoto wanamwita Mzee."

"Nitaifuta ile barua," Saurya alinong'ona.

"Haifutiki, unajua."

"Nitaandika nyingine. Nitaandika mia."

"Andika. Unaandika vizuri, nilikuambia toka zamani. Hilo ndilo tatizo, mdogo wangu. Ungekuwa huandiki vizuri ningeisahau. Toka Itahari hadi hapa, usiku kucha, magurudumu yalikuwa yanaiimba. Naiziba, inarudi. *Majivuni kitulie.* Hata matanga yenyewe sasa nikiyakumbuka, inaingia."

Saurya alikuwa mtu ambaye hajawahi kukosa neno, na sasa alilitafuta kila mahali ndani yake akakuta nyumba imehamwa.

"Una hasira na mimi," alisema hatimaye.

"Nimeitafuta hasira njia nzima. Ingenisaidia." Homnath alifunga vizuri shuka lake jeupe mabegani. "Kijijini waliniuliza, hao wenzako wa kompyuta, wa miaka yote hiyo, mbona hatumwoni hata mmoja? Nikawaambia wangejua wangekuja. Nikasema kwa sauti, ndugu zangu wote wakasikia."

"Tungekuja, kaka. Naapa kwa miungu yote, tungekuja."

"Labda," Homnath alisema.

Saurya alimwomba walau anywe chai. Homnath alisema kwa mwaka huu wa msiba hali wala hanywi kilichopikwa na mkono usio wa nyumbani kwake, akashukuru hata hivyo. Alimwekea Saurya mkono kichwani, kama kaka mkubwa anavyomwekea mdogo siku ya baraka, akauacha pale kidogo, mwepesi, kisha akauondoa. Akapanda ngazi zilizobaki, akapita ukumbi wa vioo ambako watu walimpisha njia kwa heshima bila kujua ni nani, akatoka nje kwenye vumbi na honi za mchana.

Saurya alipogeuka, Bi. Richa alikuwa anateremka mbio na uso unaong'aa. "Uko wapi wewe? Wageni wote wako chini! Wote! Wameipenda. Mwakani mnapata ukumbi wenye madirisha, nimewasikia kwa masikio yangu. Haya, nenda ukafunge kikao, wanakungoja."

Alishuka. Ukumbi ulikuwa umesheheni: wenye kampuni wamesimama kando ya kuta na suti zao, wanafunzi wameketi sakafuni, mpishi mmoja amechungulia na kofia yake. Kila alichokitaka kilikuwa mbele yake. Menuka alimtazama usoni, akajua, hakuuliza. Alimpa maiki tu, akambana kidogo kiwiko.

Saurya alisimama mbele ya watu. Alifungua mdomo.

Wakati huo huo simu zikaanza kutetemeka, moja, mbili, kisha mfuko kwa mfuko ukumbi mzima, na vichwa vikainama. Barua mpya ilikuwa imeingia barazani. Ilikuwa fupi, ya mtu anayeandika amesimama kando ya barabara: *Natoka kwenye Baraza leo. Funguo ziko kwa mtu mwema. Asanteni kwa miaka yote. Homnath.* Na chini yake mashine, kwa kawaida yake, ikaongeza yenyewe kwamba mwanachama huyo ameondolewa.

Vichwa viliinuka, kimoja kimoja, vikamtazama Saurya. Yeye aliishikilia maiki karibu na midomo. Pumzi yake ilisikika kwenye spika, ikienda na kurudi. Hakuna kilichofuata.

"Maiki haitoki!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma.

Fundi alikuja mbio, ameinama asiwazibe watu, akaichukua mkononi mwake, akaigonga kwa kidole. Tu, tu, spika zikaitika kila upande. Akamrudishia.

"Inatoka," alisema. "Sema."